Mtisheni mtoto kwa mchezo, msimtishe kwa nyanya yake

KILA mwaka Oktoba inapoelekea ukingoni, baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa huanza kuuza barakoa za mazimwi, kofia nyeusi zenye ncha, mafuvu ya plastiki na maboga ya bandia yaliyotobolewa macho na meno. Hayo ni mapambo ya Halloween, sherehe ya usiku wa Oktoba 31. Zamani ilikuwa shughuli ya wageni na watoto wa shule za kimataifa. Siku hizi imeanza kuingia katika sherehe za kuzaliwa na hafla za kufunga muhula wa tatu katika shule za chekechea. Na kwa kuwa runinga na simu hazina mpaka, mtoto wa Mwatate, pale njia inapogawanyika kwenda Wundanyi na Taveta, anaijua barakoa hiyo sawa na mtoto wa Westlands.

Wazazi wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaosema huo ni ushetani mtupu na mtoto asiuone kabisa. Wako wanaosema ni mchezo tu, na anayeupinga ni mshamba. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimelipita swali lenyewe. Mzazi wa mtoto wa miaka 3 hadi 7 anapaswa kujiuliza mambo mawili: mtoto wangu anafundishwa kumwogopa nani? Na ni nani aliye na uwezo wa kuizima hofu hiyo pindi mtoto anapochoka nayo?

Kwanza tuifahamu sherehe yenyewe. Ilianzia Ireland na Scotland, mavuno yalipokwisha na majira ya baridi kuanza, kisha ikawa mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya Novemba 1. Waayrishi waliohamia Marekani katika karne ya 19 waliivusha bahari. Kwao walikuwa wakichonga mboga ya mizizi inayofanana na figili. Walipofika Marekani walikuta maboga, wakachonga hayo. Kwa hivyo hata hao wenyewe waliibadilisha ikalingana na shamba walilolikuta. Hakuna sheria inayotukataza sisi kufanya vivyo hivyo.

Hofu yenye faida

Si kila hofu ni mbaya kwa mtoto. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya daktari yeyote kuliandika. Jioni watoto waliketi karibu na meko wakasikiliza habari za zimwi lililomeza kijiji kizima, watu, ng'ombe na mbuzi. Mtoto alitetemeka, akaishika kanga ya nyanya yake, na bado akataka kusikia mbele. Mwishowe alitokea kijana mdogo aliyedharauliwa na wote, akaliua zimwi, likapasuliwa na watu wakatoka wazima.

Hebu tuangalie dawa iliyokuwa ndani ya hadithi hiyo. Msimuliaji alikuwa mtu ambaye mtoto anamwamini kuliko wote. Mtoto aliyeogopa kupita kiasi aliweza kusema basi, na hadithi ikageuzwa. Zimwi lilishindwa kila mara, na aliyelishinda alikuwa mdogo kama yeye. Wala hakuna mtu aliyejificha gizani amrukie. Mtoto alikwenda kulala akiwa amejifunza kwamba moyo unaweza kwenda mbio kisha ukatulia.

Huko Denmark, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus wamekuwa wakichunguza kile wanachokiita hofu ya burudani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 walipima mapigo ya moyo ya watu walioingia katika nyumba iliyopambwa kwa vitisho. Waliofurahia zaidi ni wale walioogopa kwa kiasi. Walioogopa kidogo mno walichoshwa, na walioogopa mno hawakuona raha. Washiriki hao walikuwa na umri wa miaka 12 na zaidi. Ikiwa kijana wa umri huo ana kikomo, sembuse mtoto wa chekechea.

Umri ndio jambo la kuzingatia kuliko yote. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutegemea uso kumtambua mtu wake. Baba akivaa barakoa mbele yake, mtoto hamwoni baba aliyevaa barakoa, bali anaona baba ametoweka na kitu kingine kimekuja. Kati ya miaka 3 na 6 mawazo ya mtoto huwa na nguvu sana, na mpaka kati ya kitu cha kweli na cha kubuni bado haujakaza. Ndiyo maana umri huu ndio wa kuogopa giza na vitu vilivyo chini ya kitanda. Kuanzia miaka 7 hivi, wengi huweza kucheka na kusema, "Huyo ni mjomba tu."

Mtoto aliyetishwa kupita kiasi huonyesha dalili. Anaweza kukataa kulala peke yake, kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, au kushikamana na mama kila aendako. Ndoto mbaya huja zaidi usiku ukiwa umekwenda. Mtoto huamka, hulia na kueleza alichokiota. Mkumbatie na umsikilize. Lakini yuko mtoto anayepiga mayowe saa chache tu baada ya kulala, macho wazi, asimtambue mtu, na asubuhi asikumbuke lolote. Huyo usimtikise wala kumwamsha kwa nguvu. Mlinde asijiumize hadi atulie, na mara nyingi tatizo hilo huisha kadiri anavyokua. Hofu ikidumu kwa majuma kadhaa, au ikimzuia kwenda shule, mpelekeni hospitali.

Kizee mwenye mvi

Hapa ndipo nilipo na ugomvi na Halloween kama inavyouzwa dukani. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni kizee mchawi: mwanamke mkongwe, nywele nyeupe, mgongo uliopinda, macho mekundu na meno ya kuhesabika. Kule Marekani huo ni utani. Salem, katika jimbo la Massachusetts, ambako watu 19 walinyongwa mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi, leo ni mji unaopokea watalii wengi kila Oktoba. Zaidi ya miaka 300 imepita. Hakuna nyanya wa Salem anayelala akihofia kwamba mvi zake zitamletea kifo.

Kwetu Pwani hali si hiyo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa kushukiwa kuwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna mzozo wa shamba la urithi. Wako wazee waliofikia hatua ya kuzipaka mvi zao rangi nyeusi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao au kuponea chupuchupu. Kilifi si mbali na Taita Taveta, tunapakana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Haki hiyo haiwezi kukaa nchini ikiwa haikukaa kwanza katika kichwa cha mtoto.

Ndiyo maana nasema mtoto wa Mwatate, wa Likoni au wa Kayole asivishwe sura ya kizee mchawi, wala asifundishwe kuikimbia. Badala yake aelezwe ukweli wa mwili wa binadamu. Macho ya nyanya huenda ni mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote. Mgongo umepinda kwa kuwa mifupa hudhoofika uzeeni. Akiongea peke yake, au akipotea njia usiku, huenda ni ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee wengine, nao unahitaji daktari na subira ya jamaa. Mtoto anayeyajua haya akiwa na miaka 6 hatakuwa kijana wa kubeba kiberiti akiwa na miaka 20.

Mafuvu nayo yanahitaji busara. Katika milima ya Taita, kabla ya Ukristo kuenea, mafuvu ya wazee waliofariki yalifukuliwa baada ya muda na kupangwa kwa heshima katika mapango ya ukoo. Baadhi ya mapango hayo yapo hadi leo. Fuvu hapa lilikuwa babu mwenyewe, si jinamizi. Basi kabla ya kutundika fuvu la plastiki mlangoni mwa darasa, mwalimu awaulize kwanza wazee wa mahali hapo.

Tena tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi wenyewe tuna vitisho vibaya zaidi, navyo havingoji Oktoba. "Nyamaza, daktari atakudunga sindano." "Kula, ama nimwite polisi." Mtoto anayelelewa hivyo hupiga mayowe mlangoni mwa kliniki siku ya chanjo, na akipotea mjini humkimbia askari ambaye angemsaidia. Hiyo ni hofu isiyo na mchezo wala mwisho, na anayeitia ni yule yule anayepaswa kuiondoa.

Sherehe ya kwetu

Je, tuache kabisa? La. Mtoto anapenda kujigeuza na kutishwa kidogo, na muhula unapofungwa anastahili furaha yake. Ninachopendekeza ni alasiri ya mazimwi na wanyama, nayo haihitaji fedha nyingi.

Watoto watengeneze barakoa wao wenyewe kwa katoni. Mwatate ni nchi ya mkonge. Nyuzi zake zinafaa kuwa nywele za zimwi au manyoya ya simba. Na nyuzi zikikosekana si neno: simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni, na ngozi zao ziko katika jumba la makumbusho huko Chicago. Mtoto aliyeikata barakoa kwa mkono wake na kuivaa mbele ya kioo haiogopi, kwa maana anajua kilicho nyuma yake. Hiyo ndiyo kanuni kubwa: mtoto aione barakoa ikivaliwa, aione ikivuliwa, na asiyetaka asilazimishwe wala kuchekwa.

Barakoa iwe na matundu mapana ya macho na pua. Uso ukipakwa, utumike unga uliokorogwa kwa maji, si rangi ya viatu wala rangi ya nyumba. Mishumaa na koroboi zisikaribie nguo za nailoni, ambazo hushika moto upesi na kuganda kwenye ngozi, tochi inatosha. Peremende ngumu na njugu nzima zisipewe watoto wasiozidi miaka 4, kwani huweza kuwakwama kooni.

Boga lisitupwe. Ukame wa 2020 hadi 2023 bado hatujausahau katika maeneo haya, na mtoto akiona chakula kikichezewa kisha kikatupwa jalalani atajifunza jambo lisilofaa. Likomboeni, mpike nyama yake wale wote. Rangi yake ya machungwa ni dalili ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Mbegu zikaangwe ziliwe na wakubwa. Ganda litakalobaki ndilo lichongwe macho na meno.

Desturi ya kuzunguka nyumba hadi nyumba usiku tuwaachie wenyewe. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ndovu huingia mashambani na vijijini giza linapoingia. Mtoto wa hapa anamwogopa ndovu, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Asichanganyiwe na zimwi la karatasi. Sherehe ianze saa tisa alasiri na kila mtoto awe kwao kabla ya jua kutua.

Na wa kuiongoza awe nyanya. Aalikwe darasani na mvi zake na mkongojo wake, apewe kiti cha mbele, asimulie habari za zimwi huku watoto wakiwa wamemzunguka. Wakiogopa, wamkimbilie yeye. Mjini pia inawezekana: ikiwa nyanya yuko mashambani, subirini Desemba mtakapokwenda likizo, mbebe katoni na gundi.

Mzazi atakayenunua barakoa mwaka huu na aitazame vizuri kabla ya kulipa. Ikiwa sura iliyochorwa inafanana na mama mzee wa jirani, airudishe kwenye rafu.