Wati Mia Moja za Nini?

Ukinunua gitaa la umeme Nairobi, kuna swali utaulizwa kabla mtu hajauliza unapiga muziki gani: ampu yako ni ya wati ngapi? Sema kumi, uone mtu akitabasamu na upande mmoja wa mdomo. Sema hamsini, utaambiwa sawa, unajaribu. Sema mia moja, unapishwa njia. Hakuna anayeuliza kama unajua kutyuni.

Nalichukia hilo swali. Si ati kwa sababu wati hazina maana, zina maana yake na nitaifikia. Nalichukia kwa sababu limewafanya wasee wengi wenye vidole vizuri watoe doh yao yote ya kwanza, zingine za kukopa kwa simu, wakabeba kitu cha kilo ishirini na kitu hadi ghorofa ya nne Pipeline au Zimmerman, na sasa hicho kitu ni meza ya televisheni. Gitaa liko nyuma ya mlango. Anapiga Jumapili mchana tu, jirani akiwa ameenda kanisani, sauti ikiwa kwenye namba moja, na hata hapo keateka anagonga. Huyo mtu hakununua ampu. Alinunua sababu ya kutofanya mazoezi.

Tuanze na hesabu. Usiogope, ni ya jedwali la logarithimu lilelile ulilobeba sekondari.

Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme ambayo ampu inaweza kusukuma kwenye spika. Si kipimo cha sauti. Sauti tunaipima kwa desibeli, na sikio la binadamu halihesabu kama mhasibu. Ukiongeza wati maradufu, unapata desibeli 3 peke yake, tofauti ambayo mtu aliye kwenye meza ya nyuma akishika soda yake anaweza asiigundue. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinadai wati mara kumi. Kwa hivyo ampu ya wati 100 haina sauti mara kumi ya ile ya wati 10. Ina sauti kama mara mbili. Na ukiruka kutoka 50 hadi 100, jambo ambalo dukani linaweza kula kodi yako ya miezi kadhaa, umenunua desibeli 3.

Halafu kuna spika, ambayo hakuna muuzaji anayekuambia habari zake. Spika hupimwa kwa sauti inayotoa ikilishwa wati moja, ukiisikiliza ukiwa umbali wa mita moja. Celestion Vintage 30, ambayo iko kwenye ampu nyingi duniani, inatoa desibeli 100. Greenback ya kampuni hiyohiyo inatoa 98. Spika ndogo za bei rahisi ziko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba kubadilisha spika kunaweza kukupa zile desibeli 3 bila kugusa ampu. Ampu ya wati 20 yenye spika nzuri ya inchi 12 inaweza kuifunika ya wati 40 yenye spika ya hovyo. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye boksi inasema 40, na sisi tunasoma karatasi.

Sasa rudi kwenye keja. Chukua spika ya desibeli 97, ya kawaida tu. Kufanya mazoezi kwa desibeli 70, sauti ambayo wewe unasikia kila noti na mtoto wa jirani bado anaweza kulala, unahitaji wati ngapi? Kama 0.002. Elfu mbili za milioni ya wati moja, ukitaka kujichanganya zaidi. Ukiwa na mori ukapandisha hadi 80, umefika 0.02. Wati moja nzima, moja tu, kwenye bedsita yenye sakafu ya tiles na pazia moja, ni ugomvi. Wati 100 hapo ni kama kununua lori la mchanga ndio uende kuchukua sukuma wiki kwa kiosk.

Na ampu kubwa ikipigwa kwa sauti ndogo haikupi sauti yake nzuri kwa udogo. Kuna kale kanafasi kati ya sifuri na moja ambapo kifundo ukikigusa na kucha kinaruka kutoka kimya hadi kero. Za valvu ndizo mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu utamu wake unakuja valvu zikisukumwa zianze kuchoka. Valvu za wati 100 hazitachoka Roysambu. Zitakula tokeni tu, maana zinameza umeme hata ukiwa umesimamisha mkono unajikuna.

Hii homa ya wati tumeitoa wapi? Kiasi ni ya Luthuli. Tumekua tukiona wufa zimeandikwa wati 12,000 kwa maandishi ya dhahabu, PMPO, na ukigeuza nyuma kibandiko kinasema inakula wati 60 kutoka kwa soketi. Hakuna kifaa kinachokaa kikitoa nguvu zaidi ya ile kinayokula. Hizo herufi nne hazina kipimo rasmi nyuma yake, ni hadithi ya biashara. Lakini zimetufundisha kwamba namba ikiwa kubwa, mwenye nyumba ni mtu. Ampu za gitaa kwa kawaida huandikwa kwa uaminifu zaidi, ila macho yetu yalishaharibika.

Kiasi kingine kinatoka kwa picha za rock ya zamani, zile kabati nyeusi zimepangwa kama ukuta wa godauni. Watu wanaweka hiyo picha kwenye simu bila kuuliza ukuta ulikuwa wa kazi gani. Mwaka wa 1965, Pete Townshend wa The Who alimsukuma Jim Marshall, mwenye duka London, amtengenezee ampu ya wati 100. Alikuwa na sababu. Kumbi zilikuwa zinakua, na mitambo ya spika za ukumbi wakati huo ilitosha waimbaji tu, kwa shida. Gitaa ilibidi lijibebe lenyewe hadi ukuta wa nyuma. Mwaka huohuo Beatles walipiga Shea Stadium, New York, wakiwa na ampu za Vox za wati 100 mbele ya watu zaidi ya 55,000 waliokuwa wakipiga nduru, na hawakusikika vizuri, hata wao wenyewe. Wati 100 hazikutosha kazi ya wati 100. Kilichotatua shida ni maikrofoni mbele ya ampu na mitambo bora ya ukumbi, na hiyo ipo leo hadi kwenye hema la harusi Kitengela.

Ndani ya studio hawa mashujaa walikuwa wanafanya nini? Eric Clapton akirekodi ile albamu ya Layla mwaka wa 1970 alitumia Fender Champ, kasanduku ka wati kama 5 na spika moja ya inchi 8. Neil Young amepiga miaka na miaka na Fender Deluxe ya zamani, ya wati kama 15. Townshend naye amezungumza hadharani mara nyingi kuhusu masikio yake kuharibika. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inahesabu kwamba sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Kwa desibeli 100 una dakika 15. Wimbo mmoja wa benga ukinoga umemaliza dakika kumi.

Na kabla hatujafika London, sisi wenyewe. George Mukabi na wenzake wa omutibo huko Magharibi walijaza uwanja wa nyumbani kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Wati sifuri. Sisemi turudi huko, mimi napenda umeme. Nasema yule anayekucheka kwa sababu ya wati 10 ana nyongeza ya wati 10 juu ya msingi wa muziki wake mwenyewe, na hajui.

Tuje kwenye shoo, kwa sababu hapo ndipo nitapingwa. Utaniambia: keja sawa, lakini Ijumaa tuko baa ya Ngara, kuna dramu, utasikika vipi na hako kasanduku?

Dramu ni hoja ya kweli. Mpiga dramu mwenye mkono mzito hapunguzwi na kifundo. Lakini fanya hesabu ileile: wati 15 kwenye spika ya desibeli 97 zinafika karibu 109 kwa mita moja. Hiyo inakaa na dramu ya baa ndogo bila aibu, hasa ikiwa ya valvu na unapenda sauti ikwaruze kidogo. Za transista hazikwaruzi kwa utamu zikifika mwisho, zinapasuka, kwa hivyo huko ongeza: 40 au 50, ndio usifike mwisho. Wati ni zilezile kwa valvu na kwa transista, fizikia haina kabila. Tofauti ni jinsi kila moja inavyolia ikizidiwa.

Na kuna watu ambao lazima niwape haki yao. Kama unapiga benga au rumba, ile sauti safi ya juu inayokimbia kama maji ya bomba, huwezi kuacha ampu ikwaruze hata kidogo. Unahitaji nafasi ya akiba juu ya kichwa, na akiba ni wati. Kwa huyo, 50 za transista na spika ya inchi 12 si sifa, ni vifaa vya kazi. Yule wa Roland JC-120 namwelewa pia, wati 120 zilizotengenezwa kwa ajili ya usafi. Ila naye akifika kwenye mkahawa wa meza kumi na mbili Kilimani, ampu inabaki kwenye namba mbili, na kilo 28 zimebebwa bure.

Usikivu wako jukwaani, kwa njia, mara nyingi si shida ya wati. Spika ya gitaa inatupa sauti mbele kama tochi. Wewe umeiweka chini, inamulika ndama za miguu yako, na wewe unasema haisikiki. Mteja wa meza ya kwanza wakati huo anatobolewa uso. Iweke juu ya kreti ya soda, iinamishe itazame kichwa chako, na utapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa sababu usipopunguza, mambo huenda hivi. Gitaa linajaa ukumbi moja kwa moja kutoka jukwaani. Fundi wa mitambo analitoa kabisa kwenye mikisa lakini bado liko juu. Anapandisha mwimbaji, maiki inaanza kupiga mluzi. Mwimbaji anapiga kelele badala ya kuimba. Besi anajiongeza ndio asikike. Kufikia saa nne wateja wanaongea kwa ishara, meneja anakuja mara ya kwanza na tabasamu, mara ya pili bila. Mwezi unaofuata Ijumaa ni ya DJ. DJ ana kifundo kimoja na meneja anakifikia. Kisha tunakaa tunalalamika kwamba Nairobi haipendi muziki wa kupigwa na mikono.

Baa hizo pia zinaogopa. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinaweka desibeli 50 nje kwa mitaa ya makazi mchana, 35 usiku, na usiku wa sheria unaanza saa mbili, wakati nyinyi bado mnafungua waya. Novemba 2022 kaunti ilipiga marufuku vilabu vya usiku kwenye makazi. Mwenye baa akiangalia ampu yako anaona leseni yake.

Kwa hivyo nunua namna hii. Kama pesa ni ya ampu moja, tafuta ya transista yenye swichi ya kupunguza nguvu. Boss Katana 50, kwa mfano, inashuka hadi wati 0.5, inabebeka na mkono mmoja, na ina tundu la hedifoni la saa sita usiku. Kama hutoki nyumbani, wati 5 au 10 zimezidi. Kama unapiga na mwimbaji na kayamba bila dramu, 20 ni nyingi. Hakikisha kuna mahali pa kutoa waya kwenda kwenye mikisa, au uwe na stendi ya maiki. Na kama anko anakuletea mtumba kutoka Marekani, angalia nyuma: ikisema volti 120 na uiingize kwenye 240 zetu bila transfoma, utaisikia mara moja tu.

Dukani, chomeka gitaa unalojua, shusha sauti hadi ile ya keja yako, sikiliza hapo. Muuzaji atataka kupandisha. Mwambie aache.

Na wewe kiongozi wa bendi unayetangaza kwamba unatafuta mpiga gitaa, mwenye nidhamu, mcha Mungu, awe na ampu yake ya wati 100 kwenda juu: Fender Twin Reverb ni wati 85 na inakaribia kilo 29, na konda wa matatu ataihesabu kama abiria. Ongeza mstari mmoja kwenye hilo tangazo, useme teksi ya saa nane usiku inalipwa na nani.