ANAYEINUA BENDERA NYEKUNDU ASIADHIBIWE

Ndugu wafanya kazi,

Wako kati yetu, wa reli na wa mashamba ya chai hapa Kericho na Bomet, wanaofuga nguruwe wawili watatu ili kuongezea mshahara. Nguruwe akinona, karo ya mtoto imepatikana. Kwa hiyo ugonjwa wa nguruwe ni jambo la chama pia, si la maafisa wa mifugo peke yao.

Ninasema juu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Daktari Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921, baada ya kuona ikiua nguruwe wa walowezi hapa hapa Kenya. Virusi vyake hukaa katika ngiri bila kumdhuru, na katika papasi walio ndani ya mashimo yake. Lakini nguruwe wa nyumbani akishikwa hupata homa kali, hukataa chakula, ngozi ya masikio na tumbo huwa nyekundu, na aghalabu hufa kwa siku chache. Binadamu hashikwi. Dawa ya kuitibu hakuna.

Hata mahali pasipo na ngiri ugonjwa hufika, maana huletwa na sisi wenyewe. Virusi huishi muda mrefu katika nyama mbichi. Mwaka 1957 ugonjwa ulifika Ureno, na lawama ikawekwa juu ya makombo ya eropleni waliyolishwa nguruwe karibu na Lisbon. Mwaka 2018 ukaingia China, na nguruwe wakafa kwa mamilioni.

Na mimi yalinipata. Mwaka jana jirani aliuza nyama ya nguruwe kwa bei rahisi, tukainunua kwa furaha. Maji ya kuoshea nyama tukayamwaga katika chakula cha nguruwe wetu. Muda si mrefu wakafa wote wanne. Nilimkasirikia sana yule jirani. Lakini yanipasa kusema kweli: nguruwe wangu wa kwanza alipokataa kula, nilimpigia simu mchinjaji, sikumpigia afisa wa mifugo. Alikufa kabla mchinjaji hajafika. Hiyo tu ndiyo sababu mimi nami sikuuza.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yamtaka mwenye mnyama mgonjwa amtenge na kutoa habari. Sheria ni nzuri. Lakini anayetoa habari hufungiwa biashara na kubaki mikono mitupu, na anayeficha hupata walau nusu ya bei. Hapo mwongo ndiye anayelipwa.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Mtu akiona chuma cha njia kimevunjika huinua bendera nyekundu, na treni husimama. Kama angekatwa mshahara kwa kuchelewesha treni, nani angeinua bendera?

Kwa hiyo nasema mambo mawili. Kwanza, chama kiziombe Serikali za Kaunti zetu zimlipe haraka mtu ambaye nguruwe wake wameuawa kwa amri. Pili, sisi wenyewe tuanzishe mfuko wa wafugaji, kila mmoja atoe kidogo kila mwezi, na asaidiwe yule tu aliyetoa habari mapema.

Wakati tunangoja, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Makombo ya kantini yachemshwe nusu saa nzima, yakikorogwa. Nguruwe wafungiwe bandani, wasizurure. Dume asiazimwe huku na huko. Viatu vya shambani vioshwe kwa dawa kabla ya kuingia bandani. Mzoga uzikwe chini sana au uchomwe, usiuzwe wala kutupwa mtoni.

Na nyama ya bei rahisi mno, ndugu zangu, tuulize kwanza imetoka wapi. Mimi sikuuliza.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli, Kipkelion