Ng'ombe anapimwa, mchinjaji je?

Makamanda, leo tuongelee nyama. Bei yake kila mtu anaijua, hiyo niiache. Naongelea watu wanaoichinja.

Ng'ombe anakaguliwa mara mbili: akiwa hai kabla ya kuchinjwa, halafu nyama na viungo vyake baada ya kuchinjwa. Ini lenye minyoo linatupwa. Nyama ikipita inagongwa mhuri ndo inaenda bucha. Safi, sipingi. Ila yule jamaa aliyeshika kisu kakaguliwa na nani?

Mjomba wangu amechuna ngozi miaka 11 kwenye machinjio moja hapa mjini, sitaitaja. Mkataba hana. Analipwa kwa kichwa cha ng'ombe, ng'ombe wakipungua na hela imepungua. Kazi inaanza usiku wa manane ili alfajiri nyama iwe bucha. Gambuti kanunua mwenyewe, glovu hajawahi kupewa. Mwaka juzi kisu kiliteleza kikamkata mshipa wa kidole gumba. Aliyempa kazi akatoa nauli ya bodaboda, basi. Kidole hakikunji mpaka leo. Nikamuuliza mbona hukudai? Akacheka. "Mjomba, nimdai nani? Mwenye ng'ombe ananiambia we kibarua wa machinjio. Machinjio wananiambia we mtu wa mwenye ng'ombe."

Tatizo lenyewe ndo hilo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, na mfuko wake wa WCF upo. Lakini anayechangia mfuko ni mwajiri. Kama huna mwajiri kwenye karatasi, hata mkono ukatike unarudi nao nyumbani.

Na kisu ni afadhali, maana jeraha linaonekana. Kuna brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba. Binadamu anaupata kwa kushika damu na kondo la mnyama mgonjwa. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, usiku jasho linamtoka. Mtu anameza dawa za malaria wee, haponi. Homa ya Bonde la Ufa nayo ilipolipuka nchini 2007 iliua watu zaidi ya 100, na damu ya mnyama mgonjwa ni njia yake kubwa. Nani anasimama kwenye damu kila usiku?

Kuna na la kichwani. Wenzake mjomba wengi hawaingii zamu bila kupiga kidogo, na mtaani tunawaita walevi, tukishakula mishikaki yao.

Msiniambie haiwezekani. Juni 2020 huko Ujerumani, kiwanda kimoja cha nyama mjini Rheda-Wiedenbrück kilikutwa na wafanyakazi zaidi ya 1,500 wenye korona, wengi wao wahamiaji walioletwa na mawakala. Januari 2021 sheria ikaanza: kampuni kubwa za nyama marufuku kuchinja na kukata nyama kwa vibarua wa mkandarasi wa nje. Miezi saba tu!

Hapa kwetu halmashauri inatoza ushuru kwa kila ng'ombe anayechinjwa. Basi iwasajili wachinjaji, itoe sehemu ya ushuru huohuo iwachangie WCF, iwapime brusela kila mwaka, inunue glovu na gambuti. Wenye machinjio kwenye kata zenu, mbaneni diwani kabla ya kikao kijacho cha baraza: kitabu cha ushuru kipo, orodha ya waliokatwa visu iko wapi? Akijibu, tuandikieni.