Ningu na Mdomo wa Mto Sio

Ningu huishi Ziwa Victoria lakini huzaliana mtoni. Masika yanapoujaza Mto Sio, samaki hawa hukusanyika mdomoni, hupanda dhidi ya mkondo na kutaga mayai penye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Vifaranga huanguliwa huko, na baadaye hushuka ziwani. Fwani na sire nao hupanda mito kuzaliana. Samoni wa Ulaya na Marekani hutoka baharini na ningu hutoka ziwani, ila hitaji lao ni moja: njia iwe wazi katika majuma machache ya safari.

Njia hiyo ilizibwa na watu. Kwa vizazi vingi wavuvi wa mito ya magharibi ya Kenya walitega migono na nyuzio za matete, na ningu waliendelea kuja kila msimu. Mwaka 1905 nyavu za makila zilianza kutumika katika Ziwa Victoria. Nyavu hizo zilipotandazwa kwenye midomo ya mito, ziliwanasa majike wakiwa bado na mayai tumboni. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na jinsi mbinu za jadi za Mto Nzoia zilivyodhoofika pamoja nao. Samaki mlaji aitwaye mbuta hulaumiwa sana, na kweli alikuja kuharibu mengi, lakini ningu walikuwa wamekwisha kupungua kabla mbuta hajatapakaa ziwani katika miaka ya 1980. Leo ningu wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Watafiti wa Kajjansi, Uganda, wamefaulu kuwazalisha ningu katika mabwawa ya ufugaji. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini kumwaga vifaranga mtoni hakutoshi. Mto Thames wa Uingereza ulipoteza samoni wake katika karne ya 19; mwaka 1974, maji yakiwa yamesafishwa, mmoja alipatikana tena. Vifaranga wakapandikizwa kwa miaka mingi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba samoni walioonekana humo miaka ya karibuni walitoka hasa mito jirani. Uzao wa wale waliopandikizwa haukudumu. Kwenye Mto Elwha, Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samoni wakapanda wenyewe hadi sehemu waliyofungiwa kwa karibu miaka 100.

Kwa Sio, basi, kazi ya kwanza ni mdomo wa mto wakati wa mvua, kisha mabonde ya mafuriko. Shamba linalolimwa hadi ukingoni huondoa nyasi za kutagia na kumimina udongo majini. Kanuni za maji za Kenya zimeweka ukanda usiolimwa wa mita 6 hadi 30 kandokando ya mto. Ukanda huo ukiheshimiwa, ningu watapata pa kuzalia. Ugumu mkubwa zaidi ni mpaka. Sehemu ya chini ya Sio ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda, kwa hiyo marufuku ya nyavu katika ukingo mmoja hailindi chochote ikiwa ukingo wa pili unavua. Msimu wa kufunga uvuvi lazima utangazwe na nchi zote mbili kwa tarehe zilezile, na wavuvi wa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda wawepo zinapopangwa, maana wao ndio wanaojua samaki huanza kupanda lini.

Kaskazini, upande wa Moding na Malaba, mambo ni tofauti kidogo. Mto Malaba hushuka kutoka Mlima Elgon na maji yake huelekea Ziwa Kyoga. Kwenye mto huo nchi hizi mbili zimepanga bwawa la Angololo, la umwagiliaji, maji ya matumizi na umeme. Wakazi wanayahitaji maji hayo. Lakini ukuta wa bwawa huwazuia samaki wanaopanda kama ulivyowazuia samoni wa Elwha, na njia ya samaki ni rahisi zaidi kuijenga pamoja na ukuta kuliko kuiongeza baadaye. Nafasi yake ni kwenye michoro, kabla zege halijamwagwa.