Mkanda Nao ni Amana



Ndugu zetu wasomaji, akina mama, akina baba na vijana wetu wapenzi, juma hili tumeazimia kuingia katika mjadala usiokwisha sebuleni wala barazani: ni wanamieleka gani wa Marekani waliokwezwa kuliko uwezo wao? Mama huusikia akiwa jikoni, kaka na mdogo wake wakitoleana ukali juu ya Goldberg na Roman Reigns, akadhani ni upuuzi wa televisheni. Sisi hatuuoni kuwa upuuzi mtupu. Kijana anayesema kwamba fulani hakustahiki mkanda ule, anazungumza juu ya haki: nani apewe nini, na kwa sababu gani. Linalomkosa ni mizani.

Basi na tuitafute mizani hiyo kwa adabu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Mafundisho haya yanawahusu wanamieleka, na yanawahusu zaidi wale wanaogombana kwa ajili yao. Tena tusimdharau mtu, kwani huyo tunayemwita dhaifu ulingoni angeweza kutubeba sisi kwa mkono mmoja.

Kwanza tuijue asili ya kazi yenyewe. Mieleka tunayoizungumzia si ile ya Olimpiki. Hii ni mieleka ambayo mshindi wake hupangwa kabla ya kengele kulia. Hili si siri tena: mwaka 1989, kampuni ambayo leo ni WWE, na wakati ule ikiitwa WWF, iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani wala si shindano, ili iepukane na kodi na usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo lile. Kwa hivyo bingwa hapati mkanda kwa kumshinda mwenziwe. Hupewa na wenye kampuni. Na kwa kuwa hupewa, ndipo swali la kustahiki linapokuwa zito. Mkimbiaji aliyetangulia kuugusa utepe hana wa kumwuliza kwa nini, maana saa imekwisha kumjibia. Ama mwanamieleka aliyetunukiwa mkanda, yeye na aliyemtunuku wote wawili wana la kujibu.

Wala mtu asidhani kwamba, kwa kuwa mwisho umepangwa, basi hapana ufundi. Mbao za ulingo ni ngumu, na mwili unaoanguka ni mwili wa kweli. Ufundi wa kazi hii tunauona katika mambo matatu. La kwanza ni mikono: kumnyanyua mwenzio, kumwangusha, kisha kumrejesha kwa watu wake akiwa mzima. La pili ni ulimi na uso: kusema na kuigiza hata mtazamaji wa safu ya mwisho aione chuki, hofu au majuto. La tatu ni mvuto: kuwafanya watu watoke majumbani mwao na kulipa viingilio. Vijana wetu hugombana bure kwa sababu mmoja anapima kwa mikono na mwingine anapima kwa mvuto, kila mmoja na ratili yake.

Tuanze na Ultimate Warrior, ambaye jina lake ndilo hutajwa mwanzo. Mwaka 1988 alimshinda Honky Tonk Man kwa kiasi cha nusu dakika, na tarehe 1 Aprili 1990, mjini Toronto, akamshinda Hulk Hogan mwenyewe mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mikono yake ilikuwa mizito. Alikuwa akiingia mbio, akizitikisa kamba, na mara nyingi pumzi ilimwisha kabla ya kazi kuanza. Lakini hakuna aliyewalazimisha watu kumpenda. Uwanja mzima ulisimama kwa hiari yake. Taabu ilikuja baadaye. Alipewa kile kilichomstahiki usiku mmoja, akatakiwa akibebe miezi tisa na ushei. Januari 1991 mkanda ukaondoka kiunoni mwake. Huyu sisi hatumhesabu kuwa aliyekwezwa kwa nguvu. Tunamhesabu kuwa aliyeachwa juu muda mrefu kuliko chakula alichokichukua safarini.

Kesi ya Lex Luger ni nyingine kabisa. Mwanzoni mwa 1993 alikuwa mtu wa kujitazama kwenye vioo na kuzomewa na watu. Ghafla, tarehe 4 Julai mwaka huo, siku ya uhuru wa Marekani, akavikwa rangi za bendera, akamnyanyua na kumbwaga Yokozuna, yule jitu la mtu, juu ya sitaha ya meli ya kivita ya USS Intrepid. Kisha akapandishwa basi lililopakwa rangi zile zile, akazungushwa miji kwa miji kuwasalimu watu na kuwaomba wamshangilie. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba Luger alikuwa kibaya, kwani mwili alikuwa nao na uzoefu alikuwa nao. Tunasema kwamba alitembezwa. Agosti 30 mwaka huo alipewa ushindi dhidi ya Yokozuna kwa mpinzani kuhesabiwa nje ya ulingo, ushindi usiohamisha mkanda. Ilipofika Machi 1994, katika ukumbi wa Madison Square Garden, aliyevishwa mkanda alikuwa Bret Hart, fundi ambaye hakuhitaji basi.

Yuko pia Diesel, ambaye jina lake ni Kevin Nash. Novemba 1994, ukumbini pale pale Madison Square Garden, alimshinda Bob Backlund kwa sekunde 8, akakaa na mkanda takriban mwaka mzima, na mwaka ule biashara ya kampuni ilikuwa dhaifu. Wengi wakamwandika katika daftari la waliokwezwa bure. Lakini mwaka 1996 mtu huyo huyo alihamia kampuni ya WCW, akaungana na Scott Hall na Hulk Hogan katika kundi la nWo, na kundi hilo likawavuta watazamaji kwa maelfu. Je, kipawa kilizaliwa njiani? La. WWF walimvisha joho la mtu mwema anayechekea watoto, na kipawa chake kilikuwa katika kejeli na ujeuri wa kuigiza. Kwa hivyo wako wanaoitwa waliopita kiwango, ilhali kweli ni kwamba waliwekwa pasipo pao.

Jinder Mahal naye tusimsahau. Ni mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Punjab. Miaka mingi alikuwa mtu wa kushindwa ili wengine wang'are. Kampuni ilimwacha mwaka 2014, ikamrudisha 2016, na tarehe 21 Mei 2017 akamshinda Randy Orton, akawa bingwa wa WWE. Wengi waliona nyuma ya ushindi huo soko la India na mamilioni ya watazamaji wake. Novemba mwaka huo mkanda ukachukuliwa na AJ Styles mjini Manchester, na Desemba, kampuni ilipofika New Delhi, Mahal alishindwa na Triple H mbele ya watu wale wale ambao ilisemekana alikwezwa kwa ajili yao. Mwili wake aliujenga kwa juhudi, na hilo hatumnyimi. Ila mtu akipewa cheo kwa ajili ya soko, soko likibadilika hana pa kushika.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema, "Haya yote ni maigizo, nani ameumia?" Jawabu letu liko kwa Goldberg. Alitoka katika mpira wa Kimarekani, akaanza mieleka ya televisheni Septemba 1997, na Julai 1998, mjini Atlanta, miezi isiyotimia kumi, akamshinda Hogan na kuwa bingwa wa dunia wa WCW. Mvuto wake haukuwa na mfano. Mechi zake nyingi zilikuwa za dakika chache, na kwa hivyo hakupata muda wa kujifunza yale ambayo wenziwe walijifunza kwa miaka katika kumbi ndogo ndogo. Desemba 1999 alikutana na Bret Hart, mtu aliyejivunia kwamba hakuwahi kumjeruhi vibaya mwenzake ulingoni. Goldberg akarusha teke lililopaswa kugusa tu, likagonga kichwa kweli. Hart akapata mtikisiko wa ubongo, na mwaka uliofuata akaiacha kazi aliyoipenda. Goldberg mwenyewe amekiri kwamba analijutia teke lile, nasi hatumwoni kuwa mtu wa nia mbaya. Lakini tazameni: aliyekwezwa kabla ya wakati alisonga mbele, na gharama ikalipwa kwa kichwa cha mwingine. Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa mchezo.

Na kuna gharama isiyoonekana, nayo hulipwa na wale wanaoachwa chini. Muda wa kipindi ni mmoja. Anayeongezewa, mwingine hupunguziwa. Mavazi ya wanamieleka wa kike na hukumu yake vina mlango wake, wala leo hatuufungui. Tunazungumzia mizani tu. Tarehe 23 Februari 2015, katika kipindi cha Raw ambacho wakati ule kilichukua saa tatu, wanawake wanne waliitwa ulingoni na mechi yao ikachukua kiasi cha nusu dakika. Nusu dakika katika saa tatu! Watazamaji wakalalamika mitandaoni hadi wenye kampuni wakasikia. Aprili 2019, kwa mara ya kwanza, pambano la kufunga WrestleMania likawa la wanawake: Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey. Uwezo haukuanza mwaka 2019. Kilichoanza ni kupewa nafasi. Akina mama wanaofanya kazi maofisini wanaijua habari hii bila ya kutazama mieleka.

Sasa tumtaje Roman Reigns, maana kwake yeye hukumu zetu za haraka huvunjika. Januari 2015, mjini Philadelphia, alishinda Royal Rumble, na ukumbi mzima ukamzomea hata The Rock alipotoka kuuinua mkono wake. Watu walihisi wamechaguliwa mchumba. Miaka mitano kampuni ikamsukuma, na watu wakaendelea kuguna. Ukubwa ni jaa, na yeye alilibeba jaa lile bila ya kukimbia; katikati yake akapambana pia na maradhi ya saratani ya damu, aliyoyatangaza Oktoba 2018. Agosti 2020 akarudi na sura nyingine: mkali, mpole wa maneno, mwenye kujua lini anyamaze. Akakaa na mkanda siku 1,316, hadi Cody Rhodes alipoutwaa tarehe 7 Aprili 2024, mjini Philadelphia vilevile. Wengi waliomzomea ndio waliokuja kukiri kwamba amekuwa gwiji. Aliyekwezwa kabla ya wakati alijifunza huku akizomewa.

Wa mwisho ni David Arquette, mwigizaji wa filamu ambaye WCW walimfanya bingwa wa dunia Aprili 2000 ili kuitangaza sinema. Yeye mwenyewe hakulipenda wazo lile, akijua kwamba mashabiki watachukia. Fedha alizolipwa alizitoa kwa familia za wanamieleka waliofariki, Owen Hart na Brian Pillman, na kwa Darren Drozdov aliyepooza kwa ajali ya ulingoni. Miaka kumi na minane baadaye, umri ukiwa umekwisha kwenda, alirudi kujifunza kazi ile tangu mwanzo katika kumbi ndogo, akaumia, akatoka damu, ili tu alipe deni la heshima. Mkanda haukumstahiki, tabia yake ilistahiki kusifiwa.

Basi mizani yetu ni maswali matatu. Nani alimtaka: watazamaji, au afisi? Alipopewa, alijifunza au alibweteka? Na ikiwa hakuwa tayari, nani aliyelipa? Kwa mizani hiyo, Luger na Mahal walikwezwa mbele ya wakati wao, na lawama kubwa ni ya waliowakweza. Diesel aliwekwa pasipo pake. Warrior alitakiwa, ila hakuandaliwa. Reigns alikuwa miongoni mwao, kisha akatoka kwa juhudi zake. Goldberg ndiye mfano mzito kuliko wote, kwa sababu deni lake lililipwa na mwingine. Kijana asiyekubaliana nasi ana ruhusa, mradi alete hoja, asilete kelele.

Nasi wazazi tuna fungu letu. Mtoto anayevushwa juzuu moja hadi nyingine kabla hajaishika ya kwanza, ili tu mama yake aseme mbele ya majirani kwamba mwanangu yuko mbali, huyo naye amefungwa mkanda asioweza kuubeba. Siku atakaposimamishwa mbele ya watu akakwama, aibu itakuwa yake, na kosa litakuwa letu. Na nduguye aliyekuwa tayari, akanyamazishwa kwa kuwa si kipenzi wa nyumba, naye amepewa nusu dakika yake. Kumpa mtu cheo ni kumtwika amana. Tumwandae kwanza, kisha tumtwike.