Mwenye Primus ameondoka, mjomba bado anadai kasiye

Mwezi wa Juni 2025 kampuni ya Heineken, ambayo Bralima ilikuwa mikononi mwake, ilitangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki Goma, Bukavu na kandokando. Ilisema imepoteza usimamizi wa majengo yake na hali hairuhusu tena kufanya kazi. Miezi minne nyuma, mwezi wa Februari, maghala ya Bralima hapa Bukavu yalikuwa yameporwa, na picha za watu waliobeba kasiye kichwani zilizunguka katika simu za kila mtu. Kampuni tajiri namna ile, yenye mawakili na bima, ilisema haiwezi. Watu wote wakaelewa.

Kijana aliyekimbia Minova na mfuko mmoja wa nguo akisema vilevile mbele ya wakwe, hakuna anayeelewa. Orodha ya mahari, ile watu wanaita fakture, inawekwa mezani kama ilivyoandikwa wakati wa amani: ng'ombe, mbuzi, suti ya baba, vitenge vya mama, blanketi ya bibi, na hapo chini kasiye za Primus. Ng'ombe anajadiliwa. Wazee wanakubali ageuzwe pesa, na pesa igawanywe mara tatu. Suti inaweza kungoja. Primus haingoji, kwa sababu inanywewa siku ileile, na wajomba wametoka Kabare na Walungu na kiu yao. Ndiyo maana kitu kidogo kuliko vyote katika orodha ndicho kinachovunja mazungumzo.

Na si bei ya bia peke yake. Kila mwenye duka anajua: ukitaka kasiye iliyojaa, unaleta kasiye tupu na chupa zake, au unalipa dhamana. Familia iliyokuwa na kasiye tupu tatu nyuma ya jikoni iliziacha pale pale, pamoja na mlango na mabati. Sasa kijana anayebeba mizigo kwenye bandari kwa faranga za siku analipa bia, analipa na chupa. Wakimbizi wa vita hawakimbii na chupa tupu. Hilo wazee hawataki kulihesabu.

Hapa hakuna mahubiri juu ya ulevi. Hayo waachiwe wachungaji, wanayaweza. Katika maisha ya bwana na bibi wa Kivu Kusini, Primus iko kila mahali, na wengi wanaikumbuka kwa furaha. Kuna ile ya kwanza waliyokunywa wawili kwenye nganda moja ya Kadutu, chupa moja na glasi mbili, kwa sababu pesa ilitosha moja. Kuna zile za kujitambulisha kwa wazazi wa binti, maana huingii pale mikono mitupu. Kuna za mahari, kuna za ndoa. Mtoto wa kwanza akizaliwa, marafiki wa baba wanadai chupa ya kumpokea mgeni. Bwana akimkosea bibi na bibi akarudi kwao, faini ya kumrudisha inahesabiwa kwa Primus. Mtoto akipata diploma ya Serikali, poda inamwagwa kichwani, na bia inafuata poda. Halafu matanga, na siku ya kumaliza matanga, chupa zilezile kubwa, pengine na wajomba walewale. Watu wawili wanaweza kusimulia ndoa yao yote kwa kuhesabu chupa. Ni raha yao, na hakuna anayewanyang'anya.

Shida inaanza pale raha inapogeuzwa sheria na kuitwa mila.

Mila ipi? Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ya kwanza ilitoka mwaka 1926. Kiwanda cha Bukavu kilijengwa na Wabelgiji bado wakiwa hapa. Mama aliyemzaa bibi ya mjomba huyo anayepiga meza aliolewa bila kuona hata kifuniko cha Primus, na hakuna anayesema ndoa yake ilikuwa bure. Bushi ilikuwa na kasiksi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, iliyotengenezwa na watu wa nyumbani wenyewe, ikanywewa kwa mrija. Pesa yake ilibaki kwa mama aliyeikamua. Primus ilikuja na lori. Ilikuwa tamu, ilikuwa baridi, ilikuwa na etiketi, na mtu aliyeileta alionekana ana kazi mjini. Ilichukua nafasi ya kasiksi kwa sababu ya heshima hiyo ya mjini. Si vibaya. Lakini kitu kilichoingia kwa heshima ya mshahara hakiwezi kudaiwa kwa mtu ambaye vita vimemwondoa kwenye mshahara.

Tena wazee hawa wanajua kubadilisha vizuri sana wakitaka. Mkwe akiwa mlokole, kasiye za Primus katika fakture zinageuka sukre bila ugomvi. Fanta na Vitalo zinapangwa pale pale, mjomba anakunywa huku amekunja uso, na binti anaolewa. Hakuna babu wa ukoo aliyefufuka kulalamika. Kumbe kanuni inalegea mbele ya kanisa. Kwa nini haitaki kulegea mbele ya vita?

Sheria nayo haimwungi mjomba mkono. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari, ni kweli. Lakini kifungu cha 361 kinasema ndoa inaweza kufungwa ikiwa mahari imetolewa angalau kwa sehemu. Angalau kwa sehemu. Mbuzi mmoja ni sehemu. Dolari ishirini mkononi mwa baba ya binti ni sehemu. Hakuna mahali sheria ile inataja bia. Na ndoa ya nyumbani, ile ya wazee, inapaswa kuandikishwa kwenye ofisi ya hali ya raia, ile watu wanaita etasivili. Ndoa ambayo wazee hawajaikubali haifiki huko, kwa hiyo kasiye mbili zinazokosekana zinazuia karatasi.

Matokeo yake yanaonekana katika nyumba za Bukavu zilizopokea wakimbizi, yanaonekana Musenyi kule Burundi, na wa Fizi na Uvira waliozeeka kambini Nyarugusu wameyaona miaka mingi. Kijana na binti hawangoji. Wanaingia chumba kimoja, mtoto anazaliwa, na yule bibi anabaki anaitwa «rafiki» wa bwana mbele ya ndugu za bwana. Kwa kimila, ukoo wa mama unaweza kusema mtoto ni wao mpaka mahari iishe. Bwana akifa, ndugu zake wanamwuliza bibi: ulilipiwa nini wewe? Hana ushahidi wa nyumba, hana ushahidi wa shamba lililobaki kule Kalehe. Siku watu watakaporudi kwao, na mashamba kuanza kugombaniwa, huyo ndiye atakayesimama pembeni na watoto wake.

Kibaya kuliko yote kiko kwenye matanga. Bibi anakufa kabla mahari haijalipwa, na familia yake inakataa azikwe. Bwana anaambiwa amwoe kwanza maiti. Jambo hili linafahamika katika majimbo mengi ya Congo, na kila mtu aliyekaa kwenye matanga ya namna hiyo anajua picha yake: mwili ndani, watoto uani, mzee mmoja anasoma fakture kwa sauti, na mwanaume anapiga simu kwa marafiki kuomba pesa ya kasiye. Huku mama wa marehemu amelala chini kwenye mkeka, hakuna aliyemwuliza kama ana kiu. Ukoo ambao haukuleta unga wakati binti yao ana njaa kambini, unapata nguvu ya kuja kudai bia juu ya jeneza lake. Kama kuna wa kulipa faini siku hiyo, ni ukoo huo.

Wazee wana jibu, na jibu lao lina uzito. Wanasema bia ni shahidi. Mahari iliyonywewa na watu inajulikana. Aliyekunywa hawezi kesho kusema hakuona. Katika nchi ambamo karatasi zinaungua pamoja na ofisi zake, ushahidi wa macho na midomo ni kitu kikubwa. Lakini anayeshuhudia ni mtu, na mtu anaweza kushuhudia akiwa amekunywa kasiksi, sukre, hata chai ya tangawizi. Wazee wanasema pia kwamba mkwe asipotoa jasho hatamheshimu binti. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kubeba magunia ametoa jasho. Waende bandarini wakamwangalie.

Lawama si ya wajomba peke yao. Vijana nao wanashindana. Aliyepata kazi katika shirika analeta kasiye kumi na tano, picha zinatumwa WhatsApp, na baba ya binti wa jirani anaona yake imekuwa ndogo. Mabinti wengine wanasikia haya wakiolewa kwa sukre. Wanaoweza, wanywe. Wasiiweke picha ile kama kipimo cha mtu anayelala darasani.

Jambo linalowezekana wiki hii ni jepesi. Wazee wa pande mbili wakae, wapokee kilichopo, hata kama ni mbuzi na bidoni moja ya kasiksi kutoka sokoni. Waandike kwenye daftari: kimepokelewa hiki, kimebaki hiki, kitalipwa watu wakirudi kwao. Watie saini, na shefu wa kartiye atie yake, halafu daftari hilo lipelekwe etasivili. Kasiye za Primus ziandikwe kwenye mstari wa kilichobaki, na kando yake iandikwe wazi kwamba deni hilo haliwezi kudaiwa kwenye matanga.