Kikokotoo cha Ndani ya Nyumba

Mwezi huu naomba tuongee jambo ambalo wanandoa wengi wanalikwepa kuliko hata habari za mawifi: tukistaafu tutakula nini, na ndani ya nyumba nani anazijua hesabu zake?

Siku hizi simu zimejaa programu za pesa. Shoga yangu mmoja kaniuliza, "Dada, nipakue ipi inipangie uzee?" Nikamuuliza, mumeo naye ataifungua? Akacheka, kisha akanyamaza. Jamani, programu nzuri ni ile ambayo nyote wawili mnaweza kuifungua, mkaielewa, na siku ikifa mkaondoka na hesabu zenu. Yaliyobaki ni mapambo.

Nasema ikifa kwa sababu programu hufa kweli. Microsoft Money ilikuwa kwenye kompyuta za watu wengi, lakini mwaka 2009 Microsoft wakaacha kuiuza. Mint ya Marekani ilianza 2007, ikapata watumiaji mamilioni, na Machi 2024 ikafungwa. Wewe una miaka 35, na mtumishi wa umma kwetu Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Hiyo ni miaka 25! Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujalipia chochote: naweza kutoa kumbukumbu zangu zote kwenye faili linalofunguka kwa Excel, au hata nikalichapisha kwenye karatasi? Kama jibu ni hapana, achana nayo hata kama ina rangi za kuvutia.

Swali la pili: imetengenezwa kwa ajili ya nani? Nyingi za kupanga kustaafu zimetengenezwa kwa Wamarekani. Zitakuuliza habari za 401(k) na Social Security, wewe una NSSF au PSSSF, kiwanja cha Kibaha, vipande vya UTT na mchezo wa kila mwezi kazini. Hazina pa kuviweka, na majibu yake yatakuwa ya mtu mwingine.

Halafu kuna kikokotoo chenyewe. Si mnakumbuka zogo lake? Kilichokuja 2018 kilisitishwa Desemba mwaka huo huo. Julai 2022 kikaja kingine cha mkupuo wa asilimia 33. Juni 2024 Serikali ikatangaza tena bungeni: waliokuwa wakipata mkupuo wa asilimia 50 kabla ya mabadiliko wapandishwe hadi 40, na waliokuwa wakipata 25 wafike 35. Mara tatu ndani ya miaka sita. Kwa hiyo chagua chombo kinachokuacha ubadilishe asilimia mwenyewe. Kikiwa kimezifungia ndani, basi sheria ikibadilika tu kimekwisha kazi.

Tujaribu pamoja. Tuseme wastani wa mshahara wako ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 240. Zidisha 12,000,000 kwa 240, gawanya kwa 580. Unapata takriban 4,965,500 kwa mwaka. Ukiweka mkupuo wa asilimia 35, inayobaki ni asilimia 65, na ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 269,000 kwa mwezi. Mkupuo nao unazidishwa kwa 12.5, unakuja kama milioni 21.7. Haya, mtu aliyezoea milioni moja kwa mwezi sasa ana 269,000. Ndo maana nasema hesabu hii ionwe na wawili mapema, wakati bado mna nguvu za kuongeza kitu pembeni.

Swali la tatu ni la mfumuko wa bei. Kuna programu inakuonyesha mamilioni ya uzeeni yanameremeta, kumbe haijahesabu kwamba sukari itapanda. Ipime hivi. Mwambie mumeo mnahitaji 600,000 kwa mwezi kwa bei za leo. Weka miaka 20 na mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka. Jibu liwe karibu 1,592,000. Kwenye Excel unaandika =600000*1.05^20 basi. Programu ikikuambia bado ni 600,000, au isiwe na mahali pa kuweka mfumuko, haifai kupanga uzee. Labda ikusaidie kuandika matumizi ya sokoni.

Swali la nne: inataka nini kutoka kwako? Programu ya kupanga bajeti haihitaji majina ya watu wote kwenye simu yako, wala namba yako ya siri ya M-Pesa. Ikiyaomba, jua inatafuta kitu kingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Watu walikuwa wakichelewa siku mbili tu, bosi, mchungaji na wakwe wanatumiwa ujumbe wa madeni. Wengine waliingia huko wakidhani wanapakua kitu cha kuwasaidia kupanga pesa.

Sasa tufike kwenye nyumba yenyewe. Jirani yangu alifiwa na mumewe, mtu makini, kila senti ameiandika kwenye simu. Lakini simu ilifungwa kwa neno la siri ambalo mke hakulijua. Mama wa watu alihangaika miezi akitafuta namba ya uanachama ya mfuko, akaunti ya pili na nani anawadai. Nyumbani hapakuwa na karatasi hata moja. Hesabu zilikuwa safi kabisa, na mjane hakuweza kuzitumia.

Mimi na mwenzangu tunatumia jedwali la kawaida la Excel. Lina safu tano tu: tulicho nacho, kiko wapi, kina thamani gani, namba ya kumbukumbu, na tarehe tuliyokiangalia mara ya mwisho. Madeni yana ukurasa wake. Kila mwisho wa mwezi, watoto wakishalala, tunakaa nusu saa. Nakala moja iko kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi kabatini, na mara moja kwa mwaka tunaichapisha. Kila mwaka pia tunahakikisha michango imefika kwenye mfuko na majina ya wategemezi ni sahihi. Kuna watu mpaka leo wameandika jina la mchumba wa zamani!

Najua kuna atakayesema, "Dada, mimi nikimwonyesha kibubu changu atakimaliza." Nakusikia, na sikucheki. Wanawake wengi wameficha vijisenti kwa sababu waliwahi kuumizwa. Kama ndivyo ilivyo kwako, akaunti ibaki kwa jina lako na namba ya siri ibaki yako. Ila andika mahali kwamba akiba hiyo ipo, na mpe mtu mmoja unayemwamini, dada au mtoto mkubwa, ajue karatasi iko wapi. Na ujue pia kuwa hapo hakuna programu itakayowasaidia. Kinachohitajika ni mazungumzo, ikibidi mbele ya wazee au mshauri.

Na nyie kina baba mnaosoma gazeti la mama kwa kuibia: kumwambia mkeo una kiasi gani hakukupunguzii ubaba. Kumwacha akahangaike ofisi hadi ofisi na cheti cha kifo mkononi, hiyo ndiyo aibu.

Kwa hiyo mwezi huu kazi yenu ni moja. Chagueni chombo chochote, hata daftari la kaunta. Kila mmoja akifungue peke yake bila kumwita mwenzie, aseme mtakuwa na shilingi ngapi kwa mwezi mkifika miaka 60. Majibu yakilingana, hongereni. Yasipolingana, jioni ya leo mna la kuongea.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.